Mtego A na Mtego B

Jumatatu, 1 Desemba. Kabambare.
Simbiliki amekula mstari mzima wa karanga zetu. Panya wa majani, mkubwa kuliko paka, na hana aibu! Mama amesema nikiokoa shamba hadi Jumapili, nitabaki nyumbani. Nikishindwa, naenda Salamabila kwa shangazi Régina, kuuza maandazi na kuita wateja kwa sauti. Mimi! Hata hodi inanishinda.
Fundi Amuri amenitengenezea mitego miwili ya chuma, ya kubana mwili. A una springi ya pikipiki, B una springi ya kiti cha baiskeli. Nitailinganisha kisayansi.

Jumanne, 2 Desemba
Binamu yangu Gédéon amecheka. Eti mtego wa kubana unawekwa tu kwenye njia ya mnyama, chambo cha nini? Huyu hakumaliza shule. Nimeng'oa karanga: bakuli moja kwa A, moja kwa B. Sawa kwa sawa.

Alhamisi, 4 Desemba
B umeshika ndara ya katekista. Ningemwonya, lakini ingebidi nimsalimie kwanza. Nilijificha kwenye mihogo. Nimeandika: B, nguvu nzuri.
Mvua imeharibu chambo. Nimeng'oa kingine.

Ijumaa, 5 Desemba
A umeshika sketi yangu. Nimekaa hapo asubuhi nzima, nikiomba msaada polepole ili nisisumbue watu. Gédéon akapita, akamwita mama yangu kwa sauti: "Mama Elsa, kuya! Nyama iko!" Akaniuliza kama nauzwa muzima ao vipande.
Kuku wamekula chambo. Nimeng'oa kingine. Kingi.

Jumamosi, 6 Desemba
Gédéon amenasa simbiliki kwa waya wa breki, njiani, bila chambo. Ametuletea paja. Tamu sana! Sikuliandika. Waya haukuwa kwenye ulinganisho.

Jumapili, 7 Desemba
Mama amekagua shamba. Simbiliki alikula mstari mmoja. Mimi nimeng'oa kumi na moja.
Mama akanitazama: "Sasa mutoto wangu, simbiliki ni nani hapa?"

Jumanne, 9 Desemba. Salamabila.
Nimefika na matope hadi masikioni. Shangazi analalamika: panya wanamaliza unga wake. Bahati iliyoje! A na B iko ndani ya mfuko wangu. Nimemwomba maandazi hamsini kwa A, hamsini kwa B. Nadhani hakunisikia.
Nimeyachukua. Nimeanza.