Mama wa Kuazima

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Kabichi zimelowa, na mimi nimelowa. Na gari la watafiti limeegeshwa tena kwa Kassimu! Jirani huyu mbuzi wake wamekula maharage yangu bila hata pole. Sasa anatembea Mlola nzima kifua mbele kama mkuu wa wilaya. Sababu? Familia yake imechaguliwa kwenye utafiti wa afya. Sokoni aliniuliza kwa sauti kubwa kama na mimi nimechaguliwa. Anajua kabisa sikuchaguliwa.

Nikamfuata mtafiti mwenyewe, dada Glory wa Tanga. Mpole, amevaa sweta mbili. Akanieleza vizuri: wanataka kujua kwa nini mtu mmoja anafika miaka themanini bado anapanda mlima, na mwenzake anachoka akiwa na hamsini. Wanafuatilia maisha yote tangu utoto: chakula, kazi, maji, umbali wa zahanati. Kwa hiyo wanatafuta nyumba zenye vizazi vitatu, yaani mzee, mtu mzima na mtoto. Nikamwambia hiyo ndiyo nyumba yangu hasa! Watakuja Jumatano.

Tatizo dogo. Nina miaka arobaini na tisa, sina mke, sina mtoto, na mama yangu alishatangulia, Mungu amrehemu. Nyumbani ni mimi na jogoo.

Jumanne, 15 Julai

Mama nimepata! Bi Hidaya, mjane anayeishi peke yake kule juu, nyuma ya msitu wa mikaratusi. Nilipomweleza mpango alinijibu kwa Kishambaa maneno ambayo siwezi kuyaandika hata humu. Nikaahidi kumlimia viazi. Akauliza kama nitaweka na samadi. Nikakubali. Akawa mama yangu.

Mtoto alikuwa mgumu zaidi. Kila mzazi niliyemwomba alinitazama vibaya. Mwishowe Rahma, mkwe wa Kassimu, alicheka mpaka akakaa chini, akasema nimchukue Latifa wake wa miaka mitano, yeye apate kufua kwa amani. Ndiyo, ni mjukuu wa Kassimu. Najua! Lakini watoto wote wanafanana wakivaa kofia ya sufu.

Mazoezi jioni. Bi Hidaya aniite mwanangu. Latifa aniite baba. Latifa amesema atafikiria.

Jumatano, 16 Julai

Gari kwangu! Nilimwomba dereva, Valentino, aliegeshe upande wa barabara na apige honi kidogo. Kassimu akatoka na mswaki mdomoni. Raha iliyoje!

Glory akaanza na mama. Umri? Nilikuwa nimemsihi Bi Hidaya aseme ukweli, sabini na kitu. Akatengeneza mtandio wake, akajibu: hamsini na sita. Glory akaandika. Kisha umri wangu. Arobaini na tisa. Kalamu ikasimama. Nikasema mama aliniwahi kidogo. Glory akataka kujua kidogo kiasi gani. Nikasema huku milimani mambo huwahi. Valentino akatoka nje kucheka.

Ikaja zamu ya Latifa. Akavua kofia bila kuambiwa, akavua viatu, akapanda mizani kama mzoefu.

“Shikamoo, dada Glory. Kwa babu Kassimu si mlishanipima?”

Nilitamani kuingia mvunguni. Lakini Glory hakuwa akinitazama. Alikuwa amemfunga Bi Hidaya kile kitambaa cha kupimia presha. Akasoma namba. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Akamwuliza kama kichwa kinamuuma. Bi Hidaya akasema kinamuuma tangu masika ya mwaka juzi, lakini si ndiyo uzee? Alikuwa ameshasahau kwamba ana hamsini na sita.

“Mama,” Glory akasema taratibu, “twende hospitali sasa hivi.”

Alhamisi, 17 Julai

Nilienda nao jana mpaka hospitali ya Lushoto. Sijui kwa nini. Njiani Glory alimwuliza Bi Hidaya habari za maisha yake. Alipelekwa kukata mkonge kwenye shamba la Mnazi, kule bondeni, akiwa hajaota meno yote ya ukubwani. Shule hakuiona. Alizaa watoto wanne, akazika watatu, wa nne alihama na hapigi simu. Zahanati anaijua kwa nje tu. Kushuka unaweza, lakini kupanda na magoti yale? Hakuwahi kupimwa presha maisha yake yote. Nami nimekuwa jirani yake tangu nizaliwe, hayo yote sikuyajua.

Glory akafunga daftari lake. Kisha akasema watu kama huyu ndio waliotakiwa kufikiwa kwanza, na utafiti umewaruka kwa sababu nyumbani kwao hamna vizazi vitatu.

Muuguzi akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Nikatazama viatu vyangu.

“Huyu hapa mwanangu,” Bi Hidaya akasema. “Akili ni kidogo, lakini ni wangu.”

Nikatoka kumtafutia uji. Nilisimama kidogo nyuma ya jengo. Upepo wa Lushoto unatoa watu machozi.

Jumapili, 20 Julai

Amerudi, na vidonge vyake. Daktari alisema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumzia kiharusi. Nimelima kutwa. Yeye amekaa kwenye kigoda akisema matuta yangu yamepinda. Samadi hakuisahau.

Kassimu alikuja. Nilijiandaa kwa ugomvi kuhusu Latifa. Kumbe amemletea Bi Hidaya mkungu wa ndizi, na mimi akanipa mkono. Nikaguswa. Kisha akashuka sokoni kuwatangazia watu wote kwamba nilizaliwa na mtoto wa miaka saba.

Alhamisi, 31 Julai

Glory amekuja kuaga. Wakubwa wake wamekubali kuongeza kundi jipya: wazee wanaoishi peke yao, kuanzia miaka sitini. Wa kwanza ni Bi Hidaya. Akanishika bega, akaniambia kwa upole lakini bila kutabasamu kwamba uongo mmoja kwenye utafiti unaweza kumnyima mtu dawa. Nisirudie. Nikakubali kwa moyo wangu wote. Karibu niape.

Nikiwa narudi kutoka kumsindikiza nikatafakari. Wanaoishi peke yao. Naishi peke yangu! Sitini. Nimepungukiwa kidogo tu. Nikajipaka majivu nywele zote, nikapinda mgongo, nikajifunza kukohoa.

Bi Hidaya alipita jioni. Akasimama uani, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, muda mrefu.

“Shikamoo,” akaniamkia.

Marahaba! Inafanya kazi!