Wanaume Saba kwenye Ukuta wa Kibla

Oud Metha, Jumatano

Kwa Ami yangu mheshimiwa, Tamim,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa nasema "ndiyo, Ami" hata nikiwa sikubali, na jambo hili silikubali. Linahusu ile picha ya kuchorwa ya kikosi cha ndege za mabomu uliyotuletea mwezi uliopita, baada ya mkeo Bi Hala kuikataa nyumbani kwako Mirdif. Tunakushukuru. Ni picha kubwa, fremu yake nzito, na wazee watatu waliopigana vita kuu ya pili wameitia saini kwa penseli. Ulisema ni heshima kwa ukuta wowote. Malalamiko yangu ni haya.

1. Uliitundika ukuta wa kibla. Mbele kabisa kwenye picha wamesimama vijana saba wa ndege, kila mmoja na kikombe mkononi, wakitutazama. Bibi Ghania hawezi kusali huku ametazamana na Wazungu saba. Sasa anasali jikoni, baina ya friji na mashine ya kufulia, nami hungoja atoe salamu ndipo nichukue maziwa.

2. Vijana hao si maharimu wetu. Bibi haingii sebuleni bila ushungi. Mama naye ameanza kujifunga, asije akaonekana yeye ndiye asiye na haya. Mimi nimemaliza shule mwezi wa sita na nashinda nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye ninayetazamana nao zaidi.

3. Bibi aliviona vikombe akasema mgeni hapewi chai kavu. Kila alasiri naweka sahani ya visheti juu ya kabati, chini yao. Bibi anasema si ibada, ni adabu. Lakini jirani yetu Teresiah, yule Mkenya wa mapokezi kwenye kliniki, aliniuliza kwa upole kama siku hizi tunawaomba hao. Nikampa kisheti.

4. Hili ndilo kubwa. Juu ya vijana hao ndege zinarudi, na ile ya mwisho injini moja inafuka moshi. Bibi anataka kujua kama ilitua. Anasema tonge haliteremki kooni na watoto wa watu wako hewani. Ami, Bibi ana sukari, na dawa yake ya jioni haimezwi bila chakula. Kila magharibi sahani iko mbele yake, naye anatazama moshi. Nilipokupigia ulisema, "Hiyo sanaa, mwanangu. Khalas, yamekwisha." Nimesoma habari za vikosi vile. Wengi hawakurudi. Mimi sijui kusema uwongo, na ukweli siwezi kumpakulia pamoja na wali.

5. Bibi aliuliza walikuwa wanatoka wapi. Nikasema kazini. Kazi gani? Nikasema ya kupeleka mizigo. Akafurahi: "Kumbe kama Tamim wetu wa bandari ya Jebel Ali." Akawaongezea visheti. Kisha Teresiah akakisoma kwa sauti kibao cha shaba kilicho kwenye fremu, ikajulikana mzigo ulikuwa gani. Siku ya pili Bibi akasema, "Na walioangukiwa wako wapi? Mbona wamechorwa hawa tu?" Tangu hapo anawaombea wa juu na wa chini, na dua ya dakika tano imefika dakika arubaini. Wali unakuwa barafu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama umwandikie mchoraji aitue ile ndege, na hapo kwenye majani waliposimama vijana aongeze mji na watu wake, nafasi ipo. Yetu ni nakala ya 214 kati ya 500, basi abadilishe yetu tu, nyingine zibaki zilivyo. Ama uje Ijumaa baada ya sala uichukue. Kwa heshima zote, sitaki jibu la inshallah.

Nisalimie Bi Hala, mwambie sasa tumemwelewa. Wasalimie watoto, Aseel na Bassam. Mama anakusalimu, Bibi anakusalimu, na hao saba, kwa kuwa wapo, nao wanakusalimu.

Mwanao mtiifu,
Shadia

N.B. Leo Alhamisi. Jana jioni, kabla sijaipeleka barua hii, mimi na Mama tuliiteremsha picha tukaificha nyuma ya kabati la nguo. Bibi akatoka jikoni, akautazama ukuta. "Wamekwenda? Hata kuaga?" Akakaa mbele ya sahani, ushungi bado kichwani, asiguse kitu. Basi tumewarudisha, safari hii ukuta wa mlangoni, na nikamwambia ndege ilitua, wote wazima. Nilisema bila kigugumizi. Akala wali wote, akameza dawa. Kwa hiyo usije kuichukua, na akikupigia, Ami, sema imetua. Kuhusu wale wa chini sikuweza kusema kitu. Leo ameniagiza sahani ya pili ya visheti. Ameiweka mkekani, chini kabisa ya picha, mahali ambapo mchoraji hakufika.