Vibati vya Bastola Dukani kwa Mama Pruitt

Jumanne, 14 Juni 1881. Sorrel, Kansas
Nina miaka sabini na mbili. Nimezika wake wawili, askari wakuu watatu wa mji huu, na nyumbu mmoja aliyewashinda wote akili. Leo nyota ya askari mkuu kapewa Orrin Tuttle! Mnywa maziwa! Nyota niliyoivaa mimi miaka kumi na moja! Amri yake ya kwanza: kila mgeni aache bastola dukani kwa mjane Pruitt, apewe kibati chenye namba, na bastola ifungwe kingine chenye namba ileile, aichukue akiondoka. Upuuzi! Nikamwambia wachunga ng'ombe wa Texas watamtafuna. Akajibu, "Haya Babu. Wakipigana kabla ya Jumamosi kwisha, nyota yako." Mama Pruitt alisikia.

Alhamisi
Watexas kumi na wanane wameingia. Bastola wamezivua kama kofia kanisani. Hata tusi hakuna! Nikamwambia mkubwa wao, Cotter, kwamba Tuttle kawaita ng'ombe wake mifupa inayotembea. Akasema ni kweli, njiani hakukuwa na majani, akaninunulia kahawa. Nimeinywa kwa hasira.

Ijumaa
Akili hii! Nimepeleka bastola yangu, nikaitundika mwenyewe. Mama Pruitt akauliza kama naumwa. Alipogeuka kupima maharagwe, nikavichanganya vibati vyote ukutani. Vyote! Kesho kila Mtexas atapewa bastola ya mwenzake. Patawaka moto, nami nitauzima.

Jumamosi
Laana! Nimejibanza nyuma ya pipa nikingoja risasi ya kwanza. Nikasikia vicheko! Wanabadilishana bastola barazani. "Hii yenye kutu ya nani?" "Ya babu yako!" Kutu! Ile ni rangi yake! Mpishi wao hakuiona yake, akasema basi ataichukua hiyo, itamfaa kutwangia kahawa. Bastola yangu ya miaka thelathini! Ningetoka kuidai, ningejulikana. Wameondoka wakiimba. Nikapeleka kibati changu, nikapewa ya mpishi. Haina kifyatulio. Mtutu umejaa unga.

Jumapili
Tuttle kapita na nyota yake kifuani, kanisalimia kwa heshima. Mshenzi! Lakini hakusema Jumamosi ipi. Kundi jingine linafika keshokutwa, watu arobaini. Vibati sivigusi tena, mimi si mjinga. Nitawachanganyia farasi.
Asiyeamini haya amuulize Mama Pruitt. Anasema hata alipokuwa akipima maharagwe alikuwa akiniona kwenye kioo.