Jiwe Lililoizidi Dunia Umri

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chumba cha kusagia mawe anastaafu. Cheo hicho ni changu! Nani mwingine? Shemeji? Huyo kaka wa mke wangu niliyemwombea kazi hapa maabara mimi mwenyewe? Thubutu! Daktari, bosi wetu mama, ametupa kila mmoja jiwe lake. Tulisage, tulichekeche, tutoe zile punje ngumu anazozipima kujua umri wa jiwe. Atakayefanya kazi safi ndiye mkuu. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Amesema Mkuu akanunue sabuni.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji anasaga kidogo, anaosha kinu, anafagia. Anasaga tena, anaosha tena. Mambo gani haya? Halafu kapewa jiwe la kale, la milima iliyokwisha kulika. Langu la volkano, la juzijuzi tu. Hujuma! Nitashindaje na jiwe la kitoto?

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza Daktari, kwa adabu zote, umri wa jiwe unajulikanaje. Alifurahi hadi chai yake ikapoa. Kumbe ndani ya punje mna madini ya urani. Urani hugeuka kuwa risasi, si ya bunduki, ile ya kwenye betri za gari, polepole, kwa mwendo usiobadilika. Risasi ikizidi, jiwe ni zee. Hapo nikaacha kusikiliza. Yeye akaendelea, eti risasi zina aina zake, eti Dunia ina miaka bilioni nne na nusu. Ya nini yote hayo? Nilichokitaka nimekipata.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwangua risasi kwenye betri ya gari bovu nyuma ya karakana. Unga mzuri, wa kijivu. Daktari alipotoka kupokea simu, nikajipenyeza chumba cha kupimia, kile ambamo watu huvaa kofia na viatu vya plastiki. Sikuvaa. Nikanyunyiza unga kwenye kichupa cha punje zangu. Nikapiga chafya! Unga ukatapakaa meza nzima. Nikafuta kwa shati. Shemeji alinikuta mlangoni, akauliza mbona shati limechafuka hivyo. Nikamwambia ashughulike na lake.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu! Jiwe langu lina miaka bilioni kumi na moja! Niliruka juu. Daktari hakuruka. Alisema Dunia yenyewe haijafika hata nusu ya hapo. Nikamjibu hilo ni tatizo la Dunia. Nani alikuwepo ilipozaliwa?

Akasema mawe yote ya chumba kile yameharibika, hata lile la umri unaojulikana, la kusahihishia mashine. Akasema risasi hiyo haikuzaliwa na urani, ni ya kawaida tu, na mashine inazitofautisha. Mashine mbea! Akauliza nani aliingia. Shemeji akanitazama, akanyamaza. Ananisitiri! Nani kamtuma? Nikakiri palepale, ili asije akanisimanga kwa wema wake hadi naingia kaburini.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji ndiye mkuu. Nilikuwa nifukuzwe kazi, yeye akaniombea. Nimehamishiwa stoo ya mawe. Iliniuma, nakiri, iliniuma sana. Mke wangu kampigia kaka yake vigelegele kwenye simu, mimi nimekaa palepale kando yake. Vigelegele! Nilikula chakula changu chote kwa makusudi, wasidhani nimenyong'onyea.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji kaja stoo kunifariji. Kaniletea chai. Kanieleza taratibu kwamba umri wa Dunia wataalamu hawakuupata kwenye mawe yake, maana ya mwanzo kabisa yaliyeyuka zamani. Waliupata kwenye vimondo, mawe yaliyoanguka kutoka angani, yaliyoumbwa wakati mmoja na Dunia. Akasema kimondo kikipatikana, maabara nzima husimama. Husimama! Nikamshukuru kwa sauti ya mtu aliyebadilika.

Alipotoka nikachagua jiwe jeusi, zito, kama lililoungua. Kesho asubuhi litakutwa katikati ya ofisi ya mkuu mpya, na juu yake tundu kwenye bati. Nitakuwa shahidi pekee. Nililiona likishuka, likiwaka! Tuone kama aliyeonyeshwa jiwe na mbingu atabaki stoo. Ngazi ya kupandia nimeazima kwa Shemeji. Kanishikia upande mmoja hadi nje, wala hakuuliza ya nini. Na huyo ndiye mkuu!