Malalamiko Dhidi ya Bamba la Alumini Linalokataa Kukatika

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Mimi ni mke wa fundi wako wa mashine ya kuchosha vyuma. Samahani kwa kukuchukulia muda, ila maji yamenifika shingoni.

Nimeelezwa, tena bila kuuliza, kwamba mnachukua mabamba mawili ya alumini, mnayaunga kwa pini inayozunguka na kuyasugua mpaka yashikane bila kuyeyuka. Kisha mashine inayavuta na kuyaachia, inayavuta na kuyaachia, hadi kiungo kichoke na kukatika. Hiki cha sasa kimekataa kukatika, na mume wangu habanduki hapo. Nimeolewa peke yangu lakini naishi kama mwenye mke mwenza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mezani anazungumzia uchovu wa alumini tu. Wangu, ambao hauhitaji mashine kuupima, haujui.

2. Anasema kiungo hakiuawi na mvuto mmoja mkubwa bali na midogo inayojirudia. Kwa hiyo amependekeza tuache kununiana kila siku, tugombane mara moja kwa mwaka, vizuri. Nilipokasirika aliniambia tarehe bado.

3. Mama mkwe alipotutembelea, mume wangu alimfundisha kwamba kiungo kizuri hakikatiki kwenye mshono, hukatika pembeni, pale palipopata joto tu bila kuungwa. Mama akauliza pembeni ni nani. Mume wangu, msema kweli, akamtazama. Mama hajarudi tena, na lawama nimetwishwa mimi.

4. Juzi alisema vipo viungo ambavyo kwa macho vimeshikana, kumbe vimegusana tu. Kisha akaendelea kula. Hilo liliniuma, Ndugu Mkuu, na usingizi sikuupata.

Kwa heshima zote, naomba bamba hilo livunjwe kwa nyundo. Kama utaalamu hauruhusu, mume wangu ahamishiwe kitengo cha vioo.

Nisalimie mhasibu, mlinzi wa getini, na wote wanaorudi makwao kazi inapoisha.

Wako katika uchovu,
Mke wa Fundi

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe, nikakukosa. Mume wangu alinipa kiti chake, akasimama nyuma yangu kunionyesha mahali pa kuvizia ufa. Ufa haukutokea. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kufunga, na njiani tulizungumza hadi tukaipita nyumba yetu. Tafadhali, bamba hilo lisiguswe. Na kama mnalo jingine nene zaidi, tuwekeeni.