Kamati ya Kumtafutia Sista Aline Mshauri wa Fedha

Umma unajulishwa, kwa heshima zote, kwamba mwishoni mwa mwaka 2015 sisi watu wa Kibondo tulipata Kamati ya Kuratibu Ushauri wa Fedha kwa Watumishi wa Kujitegemea. Ilikuwa na wajumbe saba, muhuri mmoja na chai ya saa nne. Katibu wake nilikuwa mimi, Stanislaus, na haya ninayoyaeleza niliyashuhudia mwenyewe, ukiondoa yaliyotokea saa nne, nilipokuwa kwenye chai.

Kamati ilizaliwa na swali. Jumatatu moja aliingia ofisini kwetu wilayani Sista Aline Hatungimana, muuguzi wa dawa ya usingizi, yule anayekulaza ili upasuliwe na kuhakikisha unaamka. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuwa na mikataba mitatu: hospitali ya misheni upande wa Kasulu, kituo binafsi hapa mjini, na shirika lililokuwa likihudumia wakimbizi Nduta, kambi ilipofunguliwa tena.

"Shikamooni. Naomba kuuliza tu," alisema. "Nani hapa wilayani anayajua mambo ya fedha ya mtu kama mimi? Nina mimba ya miezi saba. Nikijifungua hakuna mkataba utakaonilipa. Kodi juu yangu, akiba juu yangu. Nikikosea, nakosea peke yangu."

Mzee Pasikali, aliyekuja kuwa Mwenyekiti, alimsikiliza kwa huruma kubwa.

"Mwanangu, swali lako halina jalada," alisema.

Na kitu kisicho na jalada hakijibiwi. Ndipo tukaunda Kamati.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kumweka Sista kwenye kundi stahiki.

"Ni mwajiriwa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hapana," nikajibu.

"Mkulima?"

"Ana shamba la mihogo Murungu, ila analima mama yake."

"Basi mfanyabiashara. Anatoa huduma gani?"

Nikasoma maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Analaza watu kwa malipo."

Kwa bahati njema fomu yetu ilikuwa na mstari wa huduma za malazi. Tukapitisha kwa kauli moja, tukasaini posho, na Sista akapangiwa Bwana Lukmani, mshauri aliyeidhinishwa wa nyumba za wageni.

Walikutana kwenye baraza la kile kituo binafsi, nami nikiandika muhtasari.

"Una vitanda vingapi?" aliuliza Lukmani.

"Kimoja."

"Wateja wanakaa siku ngapi?"

"Siku? Saa moja. Wakizidi sana, tatu."

Lukmani alifunga daftari, akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Dada'angu, gesti za saa moja moja ndizo zinazotuharibia mji."

"Ni wagonjwa, kaka. Wanapasuliwa."

"Hata kama."

Aline alicheka mpaka akashika tumbo. Lukmani, kwa uvumilivu wa kitaalamu, alimshauri afikishe vitanda kumi, aweke televisheni, na zaidi ya yote ajiunge na mpango wa akiba wa miaka kumi. Fomu alikuwa nazo tayari mfukoni.

"Huu ni mchongo, Sista. Kila mwezi unalipa. Ukichelewa, faini."

"Na mwezi ambao sikuitwa kazini?"

"Hapo utakuwa umechelewa."

Aline aliacha kucheka. "Kaka Lukmani, wewe ukimshauri mtu, nani anakulipa?"

"Wenye mpango."

"Basi wewe ni mshauri wao." Akamrudishia fomu kwa mikono miwili, kwa adabu, akaingia ndani kumlaza mtu mwenye ngiri.

Wiki hiyo hiyo alipanda basi kwenda Kasulu kumwona Bi Firdausi, mama mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la vitenge. Kamati ilinituma nifuatilie, kwa posho ya safari. Bi Firdausi aliwahi kushughulikia malipo ya madereva na wakunga wa mkataba kambini Mtabila. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 aliona watu wazima wakitoka na barua za kuachishwa kazi mkononi, wasijue waanzie wapi. Tangu hapo anashauri watu wa mikataba tu.

"Mwakeye, mama. Kaa," alimsalimu Aline kwa Kiha. "Mimi unanilipa wewe, na sina cha kukuuzia. Leta mikataba."

Aliisoma yote, mstari kwa mstari. Aliuliza miezi gani simu za kazi huwa chache, na miezi hiyo Aline anakula nini. Kisha akaweka kidole kwenye mkataba wa shirika.

"Hapa wameandika watakukatia bima, na utalipwa wiki nane za uzazi. Uliwadai?"

"Sikujua kama ipo."

"Ipo, na umeitia saini. Kesho waandikie."

Wakapanga: kila malipo yakiingia, kwanza kodi, kisha fungu la miezi ya mtoto. Akiba ya uzeeni ingefuata, ile inayokubali mwezi mtupu. Aline alishusha pumzi ndefu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilirudi nikaandika ripoti ya kurasa arobaini. Nilithibitisha kwamba Kamati ilikuwa imefanikiwa, na kwamba ajira ya mkataba ni bora kuliko zote: mtumishi anajigharimia likizo, anajiwekea pensheni, na bado ni mchangamfu. Tukapendekeza utaratibu huo uenezwe.

Wakubwa mkoani, ambao kwa kawaida hujibu baada ya mwaka, walijibu baada ya siku tisa. Mapendekezo yalikuwa yamekubaliwa. Utekelezaji uanze na Kamati yenyewe.

Tuliacha ajira zetu, tukatia saini mikataba siku hiyo hiyo, tukapigwa picha.

Kabla ya Krismasi mimi na Mzee Pasikali tulikuwa kwenye benchi la Bi Firdausi. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa Aline na binti yake wa wiki mbili, amelala kwa hiari yake. Aline alitusalimu vizuri, akatupisha.

Bi Firdausi alisoma mikataba yetu. Haikumchukua muda.

"Hapa panasema mnaweza kuachishwa siku yoyote, bila taarifa, bila hata senti. Mliona?"

"Tuliona ni lugha nzuri," alisema Mwenyekiti.

"Nani aliwashauri mtie saini?"

"Kamati," nikajibu.

"Kamati gani hiyo?"

Mzee Pasikali alivua miwani, akaifuta.

"Yetu," alisema.