Kila Mstari, Pima Maji

Jumatatu, 9 Machi

Nimemfukuza fundi. Hapana. Tuseme tumeachana kwa heshima. Yeye kaondoka, mimi nimebaki na heshima.

Kisa ni ua wetu. Kutoka getini mpaka mlangoni ni udongo wa mfinyanzi mtupu. Jua likiwaka unapasuka. Juzi ufa mmoja umemeza kijiko cha chai, hatujakiona tena. Mvua ikinyesha unageuka sabuni. Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoteleza masika yaliyopita akavunjika nyonga. Tangu hapo yuko kwa mwanawe, yaani shemeji yangu, kwenye nyumba yenye vigae hadi ukutani, ambako hata kukohoa ni kwa ruhusa.

Mama anataka kuja kwetu. Mimi nataka aje. Katika ukoo mzima ni yeye peke yake anayecheka hadithi zangu, tena anacheka mpaka anajifuta machozi. Lakini daktari amesema akianguka tena, basi, hatasimama. Mke wangu naye kasema mama yake hakanyagi tope hili. Njia iwe imetandazwa ifikapo Jumamosi, la sivyo mama anabaki kwa shemeji moja kwa moja na chumba chake tukipangishe.

Tukipangishe! Nikasema mbele ya shemeji, kwa sauti, kwamba njia nitaitandaza kwa mikono yangu mwenyewe. Shemeji akacheka kwa pua. Tutaona.

Fundi alitaka tuchimbe udongo wote, tuweke mawe, tushindilie, tuweke mchanga, ndipo tupange vile vitofali vya pevingi juu. Nikamuuliza kwani tunajenga uwanja wa ndege. Akaanza kunieleza upya. Nikamwambia anipe siri moja tu ya kazi, mengine yote niachie mimi. Akafunga mfuko wake wa zana, akanitazama toka utosini hadi unyayoni, akasema: kila mstari, pima maji. Akaenda zake.

Kila mstari, pima maji. Kumbe ni hilo tu! Halafu watu wanajifanya kazi hii ni ngumu.

Jumanne, 10 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka kabla hasira hazijapoa.

Asubuhi nilichukua lile jagi la jikoni, lenye alama za vipimo. Swali likawa: maji kiasi gani kwa kila mstari? Fundi hakusema. Nikaamua jagi zima, mimi si bahili. Nikapanga mstari wa kwanza, nikapima maji, nikamwaga. Ukapendeza! Mstari wa pili, nikapima, nikamwaga. Nikaanza kupiga mluzi. Nilipofika katikati ya ua nikageuka nyuma nijionee kazi yangu. Mstari wa kwanza haupo. Umezama. Wa pili unaufuata. Nikakimbilia kuuokoa, nikakanyaga kitofali kimoja, kikabinuka na kunitemea tope la jicho.

Wakati huohuo kichwa cha jirani kikatokeza juu ya ukuta. Jirani huyu hapa mtaani tunamwita Bwana Nilisema, kwa sababu hakuna jambo linalotokea duniani ambalo yeye hakulisema. Akauliza jagi la nini. Nikamjibu, kwa hadhi ya mtu wa kazi, kwamba napima maji.

Kichwa kikatoweka. Nilidhani kaanguka. Kumbe amekaa chini upande wa pili, amejishika mbavu, anamwita mkewe aje asikie. Baadaye akaja getini na rula nene ya manjano yenye kijichupa katikati, na ndani yake maji na kiputo. Akasema pima maji ndiyo hii. Unailaza juu ya kazi yako, kiputo kikikaa katikati, kazi iko sawa. Nikamwambia najua, ninayo kama hiyo, ila yangu kubwa. Akasema alisema tangu jana. Hakusema! Hata hivyo nikaipokea. Ameniazima.

Saa zikaenda, mke wangu yuko njiani anarudi. Nikajaribu kuvitoa vile vitofali kwa mtaimbo, nusu vikavunjika. Maji ya shingo! Nifiche wapi vipande vyote vile? Nikachimba mtaro kando ya ukuta, ubavuni mwa njia kuanzia mlangoni, nikavitupa humo. Vikawa vingi. Nikaendelea kuchimba, nikaendelea kutupa, mpaka mtaro wangu ukapita chini ya geti ukakutana na mtaro wa barabarani. Nikafunika yote kwa kokoto. Safi kabisa.

Mke wangu akaingia, akauliza kile ni nini. Nikasema ni pambo. Akalitazama pambo. Akalitazama tope lililonikaukia sikioni. Akasema kesho nachimba kama fundi alivyoagiza, na yeye atakuwa amekaa hapohapo.

Jumatano, 11 Machi

Nimechimba. Mgongo si wangu tena.

Mke wangu aliweka kiti kivulini, akamimina chai, akakaa. Kila nikisimama kupumua anauliza kama nimemaliza. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unang'ang'ania koleo. Ukikauka unalirudisha. Nimetoa tope lote, nimejaza mawe, nimeshindilia kwa kigogo. Kila pigo nilimfikiria shemeji, na kazi ikaenda vizuri ajabu. Juu nikamwaga mchanga.

Jioni mama kapiga simu. Ananong'ona, asisikike. Kauliza njia imefikia wapi. Nikamsimulia habari ya bwana mmoja mjinga niliyesikia habari zake, aliyeambiwa apime maji akachukua jagi. Mama akacheka mpaka simu ikaanguka. Alipoiokota akasema kule kila akijaribu kusimama anaambiwa akae, kila akikaa anaulizwa kama yuko sawa, na tangu aende hajacheka hivi. Akasema mkoba wake ameshaufunga, uko chini ya kitanda, nisimwambie mtu.

Nikarudi kushindilia wakati nilikuwa nimeshamaliza. Macho yalikuwa yananitoka machozi. Vumbi, nadhani.

Alhamisi, 12 Machi

Nimempenda mtu. Ni pima maji.

Lo, chombo hiki! Kila mstari nimekilaza, kila mstari kiputo katikati kabisa. Ukizidi upande huu nagonga kwa nyundo ya mpira, ukipungua upande ule naongeza mchanga. Njia nzima, upana wa gari, kutoka getini mpaka mlangoni, ni bapa. Kisha nikaingia ndani nikapima meza ya chakula. Imepinda! Tumekula mezani pale tangu tuoane. Mambo mengi sasa nayaelewa.

Bwana Nilisema akapita, akasema lakini niweke mteremko kidogo, maji yapate pa kwenda. Nikamjibu maji ni mtu mzima, yatajua yenyewe. Nikitoe kiputo katikati ili nimfurahishe yeye? Nyoo!

Mke wangu akatoka na ndoo ya maji ya kufulia, akamwaga njiani. Maji yakasimama. Hayakwenda kushoto, hayakwenda kulia. Yalisimama yakitutazama. Mke wangu akauliza kama mama anakuja na gongo au na boti. Akaingia ndani akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Mawingu yamejaa. Nimeamua mvua haitanyesha Jumamosi.

Ijumaa, 13 Machi

Shemeji! Shemeji! Shemeji!

Kaja kukagua. Hakuegesha nje kama binadamu. Kafungua geti mwenyewe, kaingiza lile gari lake kubwa juu ya njia yangu mpya. Magurudumu ya kulia yakapanda ukingo wa kandokando ya pambo. Akaenda mbele. Akarudi nyuma. Akaenda mbele tena. Anajaribu uimara, eti! Mimi nakimbia kando ya dirisha napunga mikono, naye ananipungia.

Aliposhuka, upande mzima wa njia ulio kando ya pambo ulikuwa umedidimia kiasi cha kidole. Si mstari mmoja, ni toka getini mpaka mlangoni! Nikalaza pima maji. Kiputo kimekimbilia kwenye kona na hakitoki. Shemeji akashika kiuno akasema njia imepinda, kazi ya mtu asiyejua, mama habanduki kwake.

Hapo mke wangu akaongea. Akasema mama anakuja kesho kama tulivyopanga. Njia ikimshinda, anageuza na mwanawe hapohapo, na habari ya kuhamia kwetu hatutaitaja tena. Shemeji akakubali upesi. Kaona mawingu, mjanja yule.

Nimejaribu kuinua ule ukingo kwa kisu cha jikoni. Kisu kimepinda. Chakula hakinipiti kooni. Nimekula kidogo tu, mara mbili. Chumba cha mama nimekifagia mwenyewe, nikapiga pasi pazia lake, kisha nikakaa kitandani pake nikajiona mjinga.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua!

Si manyunyu. Mvua ya kumwaga, tangu kumekucha. Gari la shemeji likasimama getini, na safari hii akaliacha nje kwa makusudi, mama atembee. Mke wangu akatoka mbio na mwavuli. Bwana Nilisema kichwa juu ya ukuta, amejifunika beseni. Mama akashuka, gongo mkononi, mkoba kwapani. Akamkatalia shemeji mkono. Akamkatalia na mwanawe wa kike. Akasema njia ni yake.

Nikafumba macho. Sikuweza. Nikasikia gongo: ko. Kimya. Ko. Kimya. Nikangoja nisikie kishindo. Ko. Ko. Ko.

Nikafumbua jicho moja. Maji yanakwenda! Yanashuka upande mmoja, taratibu, kwa adabu, yanaelekea kwenye pambo. Yakifika kwenye kokoto yanazama, yanapita humo chini kwenye vipande vyangu vya aibu, yanatokea nje mtaroni. Juu ya njia hakuna hata dimbwi la kunywea kuku.

Katikati mama akasimama. Moyo wangu ukasimama naye. Akainamia vitofali, akavigonga kwa gongo, akainua kichwa akauliza ni mwanamume gani huyu aliyepima maji hivi. Nikasema ni mimi, Mama. Sauti ilitoka nyembamba. Akaanza kucheka, kule kucheka kwake kote, akicheka anatembea, mpaka akashika mwimo wa mlango wetu kwa mkono wake.

Mke wangu akalia. Mimi nikalia waziwazi, na mvua hainifichi kwa kuwa nilikuwa chini ya bati. Ah! Nimepumua mpaka vidole vya miguu.

Shemeji hakuridhika. Akatoka nje ya njia ili achunguze, lazima kuna hila. Mfinyanzi ukamla hadi kifundo. Mguu akautoa, kiatu kikabaki. Ameondoka peke yake, kiatu kimoja. Bwana Nilisema akasema alisema. Leo nimemwachia.

Mke wangu amenishika bega jikoni akaniambia ahsante, mume wangu. Basi. Sikumbuki alisema lini mara ya mwisho, nami sitaki kukumbuka. Mama amelala chumbani kwake. Anakoroma. Sauti tamu!

Jumapili, 15 Machi

Wageni wamekuja kumwona mama. Wote wameisifu njia. Nimewaeleza jinsi nilivyoupiga hesabu ule mteremko, na jinsi pambo lilivyobuniwa. Mke wangu alikuwa anapanga vikombe, kimoja kikamponyoka.

Walipoondoka nikalaza pima maji. Kiputo bado kiko konani! Imeniuma. Njia ya mtu kama mimi, imepinda! Tena kaipinda nani? Gurudumu la shemeji! Niamke kila siku niitazame kazi ya shemeji mlangoni pangu? Haiwezekani.

Nimetangaza wakati wa chakula. Kesho nang'oa vitofali vyote nivilaze upya, bapa. Na lile pambo nafukua vile vipande, maana sasa mama yupo na panafaa bustani. Nitajaza udongo mzuri wa mfinyanzi, unashika. Mke wangu akaweka kijiko chini. Mama hakucheka, nikashangaa, maana nilikuwa nimelisema kwa uchangamfu.

Jumatatu, 16 Machi

Pima maji haionekani.

Nimetafuta kwenye toroli, chini ya ngazi, ndani ya pipa. Mke wangu hajui, na hakuacha kumenya viazi. Bwana Nilisema kasema hajaiona, wala hajaidai, nikae nayo tu. Tangu lini yule mtu akawa mkarimu? Namshuku.

Nikamuuliza mama. Yuko kwenye kiti chake tangu alfajiri. Kakataa kuinuka hata kwa chai, kaletewa hapohapo. Naona hali ya huku inampenda, leo amekaa juu kidogo kuliko jana, ingawa ameegemea upande. Nikataka kumwekea mto, akanipiga kofi la mkono. Akasema hajaona kitu, nikae hapa nimsimulie tena yule bwana wa jagi. Nikamsimulia yote toka mwanzo. Akacheka mpaka akajifuta machozi, bila kunyanyuka hata kidogo. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini kazi ni kazi. Mwanamume hashindwi kwa kukosa kifaa kimoja.

Jagi lipo.